Samaki wapya wa etangi: namna ya kutambua ugonjwa mbele ya kuwachanganya na wa zamani

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita, yaya yangu alikuwa na etangi mbili kule Kabare. Ya kwanza ilikuwa na tilapia zilizobakiza mwezi moja tu zivuliwe. Feza yake ilikuwa imekwisha kupangwa: masomo ya watoto na mabati ya nyumba. Akanunua alevini 600 kutoka upande wa tambarare ya Ruzizi, wakapanda na gari muchana muzima. Walipofika, akawamwaga wote pamoja na maji yao ndani ya ile etangi ya kwanza, juu ya pili ilikuwa haijajaa. Siku ya ine wakaanza kufa. Siku ya kumi, hata wale wakubwa wakaanza kuelea.

Muuzaji alisema ni maji mabaya. Majirani wakasema ni sumu, na kijana mumoja ambaye alikuwa na ugomvi wa shamba na yaya yangu karibu apigwe. Ni mufundi wa ufugaji aliyefika siku ya kumi na mbili, akafungua mashavu ya samaki mumoja na kutuonyesha: sehemu zingine zilikuwa zimeoza, rangi ya majivu. Ugonjwa ulikuja pamoja na wale wadogo, ndani ya sashe. Sisi wenyewe tulikuwa tumeulipia.

Watu wengi wanatuuliza juu ya ufugaji wa samaki, na ulizo linalorudi mara mingi ni lile lile: "Nilinunua alevini wazuri, kwa nini wamekufa?" Hapa tumekusanya yale ambayo mufugaji anaweza kuona kwa macho yake na kufanya kwa mikono yake, bila mashini. Uchunge hii makala, siku ya kununua uisome tena.

Kwa nini samaki mupya anabeba hatari

Samaki karibu wote wanaishi na vidudu kidogo juu ya ngozi na ndani ya mashavu. Samaki mwenye nguvu, ndani ya maji mazuri, haumwi navyo. Lakini siku ya kuvuliwa na kusafirishwa, anashikwa, anakosa hewa, magamba yake yanatoka, na ule ute unaolinda ngozi yake unapanguka. Ile siku nguvu zake zinashuka, na vidudu vinapata nafasi. Njo maana magonjwa mengi hayaonekani kwa muuzaji. Yanaonekana kwako, kati ya siku ya tatu na ya kumi.

Hapa Kivu kuko jambo lingine: baridi. Tilapia anapenda maji ya joto, digri 27 mpaka 30. Akitoka chini Uvira ao katika tambarare ya Ruzizi na kupandishwa Kabare ao Walungu, ambako maji yanaweza kuwa chini ya digri 20, mwili wake unashituka. Maji yakishuka karibu digri 16, anaacha karibu kula. Samaki kama huyo hata kidonda kidogo kinaweza kumuua. Ukiweza kupata alevini waliozaliwa katika etangi za juu, hao wamekwisha kuzoea.

Kwa muuzaji: angalia etangi mbele ya kuangalia samaki

Usikubali kuonyeshwa samaki ambao wamekwisha kufungwa ndani ya sashe. Fika asubui, muuzaji akiwa hajaanza kuvua, uangalie haya:

Je, kuko samaki waliokufa pembeni ya maji? Mumoja ao wawili si kitu kikubwa. Wengi, ao harufu ya kuoza, rudi nyumbani na feza yako.

Je, samaki wanakimbia ukisimama pembeni ya etangi? Samaki muzima anaona kivuli chako na kushuka chini. Yule anayebaki juu, mweusi kuliko wenzake, akiwa peke yake karibu na ukingo, ni mugonjwa ao anaelekea kuumwa.

Je, wanakuja kula? Omba muuzaji awarushie pumba kidogo. Kukataa chakula njo alama ya kwanza ya magonjwa karibu yote. Ila ujue kwamba muuzaji mwenye kujua kazi anawanyima chakula siku moja mbele ya safari ili wasichafue maji ya sashe. Kwa hiyo fanya jaribio hilo siku unayokwenda kuagiza, usingoje siku ya kubeba.

Uulize pia: hawa wadogo walizaliwa hapa, ao umewanunua mahali pengine? Mwezi huu umepoteza wangapi? Umewapa dawa gani? Muuzaji anayekasirikia maulizo haya amekwisha kukujibu.

Majaribio ya mukono

Omba alevini makumi mawili ndani ya beseni kubwa ya rangi nyeupe, yenye maji ya pale pale. Ukiwa na beseni hiyo tu, unaweza kufanya majaribio ine.

La kwanza, zungusha maji polepole na mukono wako. Samaki wenye nguvu wanageuka, wanapiganisha mukondo. Wazaifu wanabebwa na maji na kukusanyika katikati ya beseni. Kama zaidi ya wawili ao watatu kwa makumi mawili wako katikati, usinunue.

La pili, gonga ukingo wa beseni na kidole. Wote wanapashwa kushituka na kukimbia.

La tatu, toa samaki mumoja na mukono uliolowana maji, umulaze upande kidogo kidogo. Jicho la samaki muzima linageuka, linatafuta kubaki sawa kama vile alikuwa anaogelea. Jicho la samaki muzaifu sana linabaki pale pale, linageuka pamoja na mwili.

La ine, shika huyo huyo sehemu ya mbele ya mwili, mukia uwe hewani. Samaki muzima anafungua mukia wake kama feni na kuushikilia sawa. Kwa mugonjwa mukia unalala chini kama kitambaa kilicholowana.

Samaki mumoja akishindwa, jaribu wengine watano. Wengi wakishindwa, hao si wa kubeba, hata muuzaji akipunguza bei.

Alama za ugonjwa, sehemu kwa sehemu

Ngozi. Madoa madogo meupe kama punje za chumvi, juu ya mwili na mapezi, ni kidudu kinachoingia chini ya ngozi. Kinaenea haraka sana: kila doa likikomaa linaanguka chini na kuzaa mamia ya vidudu vinavyotafuta samaki wengine. Vitu kama pamba, vyeupe ao vya rangi ya majivu, ni kuvu. Mara mingi inafuata kidonda cha kuvuliwa, zaidi katika maji ya baridi. Doa pana la rangi ya majivu juu ya mugongo, kama kiti cha farasi, pamoja na mapezi yanayoliwa pembeni, ni bakteria ambayo inapenda samaki waliosongamana na kuumizwa. Hiyo inaweza kumaliza alevini kwa siku mbili ao tatu. Wekundu kama damu chini ya ngozi na vidonda vilivyofunguka pia ni vya kuogopa.

Madoa meusi madogo ambayo hayatoki ukiyakwangua ni jambo lingine. Ni watoto wa minyoo inayopitia kwa konokono na kwa ndege wanaokula samaki. Hayo hayapiti kutoka samaki kwa samaki moja kwa moja. Yanakuambia kwamba etangi ya muuzaji iko na konokono wengi.

Mapezi na mukia. Yanapashwa kuwa wazi, kamili. Mapezi yaliyofungwa karibu na mwili, yaliyopasuka ao yenye ukingo mweupe ni alama mubaya.

Mashavu, yaani mahali samaki anapumulia. Fungua kifuniko polepole. Rangi nzuri ni nyekundu yenye kungaa. Mashavu meupe yanaonyesha kukosa damu, mara mingi sababu ya vidudu. Rangi ya kahawa inaonyesha maji yaliyochafuka na uchafu wa samaki wenyewe. Ute mwingi, ao sehemu iliyooza, ni ugonjwa. Kama samaki anapumua na kifuniko kimoja kikibaki wazi, anaumwa mashavu.

Macho. Jicho lililotoka nje, lenye ukungu ao damu linatuelekeza kwa bakteria zilizoingia mwilini. Katika maji ya joto, zaidi ya digri 27, tilapia mwenye jicho la namna hiyo na anayezunguka kama aliyelewa ni wa kutengwa mara moja.

Tumbo. Tumbo lililojaa maji, magamba yakisimama, ni alama kwamba viungo vya ndani vimeharibika. Huyo haponi. Kichwa kikubwa na tumbo lililoingia ndani, yaani mwembamba kama wembe, ni njaa ya siku mingi ao minyoo.

Mwendo. Samaki anayejisugua kwa mawe ao kwa ukingo wa beseni anawashwa na vidudu vya ngozi. Anayeogelea kichwa chini, ao kwa upande, ao kwa kuzunguka, usimubebe.

Kitu cha kuonekana kwa macho. Uzi mufupi unaotoka nje ya ngozi ni mududu aliyejichoma mule kama nanga. Kitu kidogo cha bapa kinachotembea juu ya samaki ni chawa wa samaki. Vyote viwili vikiingia katika etangi yako, kuvitoa ni kazi ya miezi.

Ni ugonjwa ao ni maji?

Hapa njo watu wengi wanapotea, na hapa njo majirani wanaanza kushitakiana sumu. Angalia namna vifo vinavyokuja.

Kama samaki wote, wakubwa na wadogo, wanapanda juu kuvuta hewa asubui mapema, na jua likipanda wanashuka tena, hiyo ni kukosa oksijeni. Ongeza maji mapya, punguza mbolea.

Kama wote wamekufa kwa usiku moja, pamoja na vyura na wadudu wa majini, kitu kibaya kiliingia katika maji. Hapo tu njo unaweza kuwaza sumu. Na hata hapo, dawa ya kupulizia nyanya ao viazi iliyoshuka na mvua kutoka shamba la juu inaweza kuwa sababu, bila mutu kuwa na nia mubaya.

Kama wanakufa kidogo kidogo, na hesabu inapanda kila siku, huo ni ugonjwa. Andika katika kaye. Nyuma ya safari, vifo vya kawaida vinashuka: 12, kisha 8, kisha 3, kisha hakuna. Ugonjwa unapanda: 2, kisha 5, kisha 9, kisha 20.

Tuseme pia juu ya virusi ya tilapia inayoitwa TiLV. Ilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 huko Israel. Mwaka 2017 FAO ilitoa onyo kwa inchi zote zinazofuga tilapia, na mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wameikuta katika tilapia za Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda. Inapenda kupiga katika mwezi wa kwanza nyuma ya alevini kuingia etangi. Inaweza kuua mpaka 9 kwa 10. Haina dawa. Haishiki watu. Kwa hiyo alevini wanaovushwa mupaka bila karatasi ya munganga wa wanyama, hata wakiwa wa bei rahisi, ni mali ya kuogopa.

Kuwatenga: siku 21 zinazookoa etangi

Unapashwa kuwa na mahali pa kutenga samaki wapya. Haiko lazima pawe pa feza mingi. Shimo la metre 2 kwa 2, urefu wa kwenda chini sentimetre 70, lililotandikwa shitingi, linatosha kwa alevini 600 wadogo kama kila siku unabadilisha robo ya maji.

Kuko kosa moja linalofanywa sana. Watu wanashona chandarua kama sanduku, wanakitundika katikati ya etangi ya zamani, wanaweka alevini mule na kusema wamewatenga. Hapana. Samaki hawapiti, lakini maji yanapita, na vidudu vinapita na maji. Kutenga ni maji mbali.

Tena, kwetu milimani etangi nyingi zinafuatana, maji ya ya juu yanaingia katika ya chini. Mahali pa kutenga panapashwa kuwa pa mwisho, chini kabisa, maji yake yasiingie kwa etangi ingine, wala kwa ya jirani.

Siku ya kufika, fanya hivi. Laza sashe zikiwa zimefungwa juu ya maji, dakika 20 mpaka 30, kwa kivuli. Fungua, ongeza maji ya shimo kidogo kidogo kwa muda kama huo. Kisha vua samaki na kitambaa chepesi, uwaingize. Maji ya sashe mwaga kwa shamba, mbali na etangi. Siku hiyo usiwape chakula. Kesho yake wape kidogo. Samaki wazima wanapashwa kuanza kula mbele ya siku mbili kuisha.

Ngoja siku 21. Kwa maeneo ya baridi, ngoja siku 28. Sababu ni hii: kile kidudu cha madoa meupe, katika maji ya digri 25, kinamaliza maisha yake katika siku chache, lakini katika baridi kinaweza kuchukua zaidi ya wiki mbili. Ukifungua mapema, unaweza kuingiza ugonjwa ambao bado umejificha. Ndoo, wavu na butu za mahali pa kutenga zibaki pale. Na kila siku lisha kwanza samaki wa zamani, wale wapya wa mwisho.

Chumvi, na dawa za kuepuka

Chumvi ya jikoni njo dawa ya kwanza ya mufugaji mudogo. Inasaidia kwa vidudu vya ngozi na kwa kuvu iliyoanza. Kwa kuogesha: grama 10 kwa litre moja, yaani grama 200 kwa bidoni ya litre 20. Koroga mpaka iishe kabisa. Jaribu kwanza na samaki kumi. Waache dakika 20, zisipite 30, ukiwaangalia wakati wote. Akianza kuanguka upande, mutoe na kumurudisha katika maji safi. Usifanye hivyo siku ya safari. Ngoja kesho yake, wapumue.

Chumvi haiponyeshe virusi, wala bakteria iliyokwisha kuingia ndani ya mwili.

Vidonge vya antibiotike vya watu, kama tetrasikline vinavyouzwa sokoni, usivimwage ndani ya etangi. Ndani ya maji mengi hivyo havifikii kipimo, vinafundisha bakteria kuzoea dawa, na samaki unayemula kesho anaibeba. Ile dawa ya kijani inayoitwa malakite pia, katika inchi nyingi imekatazwa kwa samaki wa kula.

Wakianza kufa

Toa wafu asubui na mangaribi. Uwazike mbali na maji, kwa shimo lenye chokaa. Usiwatupe mutoni, usiwape nguruwe ao mbwa wakiwa wabichi. Funga maji ya kutoka. Acha kulisha. Usiuzie mutu mwingine alevini waliobakia. Njo namna ugonjwa unavyotembea kutoka kijiji kwa kijiji.

Uite munganga wa wanyama ao ofisi ya uvuvi na ufugaji ya teritware. Umupelekee samaki watatu mpaka watano ambao ni wagonjwa lakini bado wako hai, ndani ya maji. Samaki aliyekufa tangu saa mingi anaoza, haonyeshi tena kitu. Beba pia kaye yako ya vifo.

Kama etangi yote imeharibika, kausha mpaka udongo upasuke, kisha tandika chokaa kali, kilo 10 mpaka 15 kwa are moja. Linda macho na mikono, inachoma. Chokaa ya kawaida ya shamba haiue vidudu.

Na wewe mwenyewe jichunge. Bakteria zingine za samaki zinaingia kwa mutu kupitia kidonda cha mukono. Usishike samaki wagonjwa ukiwa na kidonda wazi. Nawa na sabuni. Mukono ukivimba nyuma ya kushika samaki, enda hospitali na useme ulishika samaki.

Yaya yangu alianza tena. Etangi ya kwanza ilikaushwa, ya pili ikajazwa, na chini yake akachimba shimo la shitingi. Masomo ya mwaka ule yalilipwa na mbuzi wawili. Alevini wake wa pili walikaa mule siku 28. Yule kijana aliyeshitakiwa sumu njo alisaidia kuchimba, na mara ya kwanza etangi ilipovuliwa, alipewa sehemu yake kama mutu wa nyumba.